Buibui Mweusi na Daktari wa Alabama

Kila mmoja wetu amewaona buibui. Huyu amefunga utando wake pembeni mwa dari, yule amejificha nyuma ya mtungi, na mwingine apita mbio ukutani taa inapowashwa. Tumewazoea hata hatuwatazami. Wala si vibaya kuwaacha, kwa kuwa hula mbu, nzi na wadudu wengine watusumbuao.

Buibui mwenyewe si mdudu kama nzi au siafu. Mdudu ana miguu 6, bali buibui ana 8. Karibu buibui wote wana sumu, maana sumu ndiyo silaha yao ya kuwindia. Bila hiyo wangekufa njaa. Lakini wengi wao wana meno mafupi na dhaifu, hayawezi kupenya ngozi ya mtu. Na hata wale wawezao kupenya, sumu yao kwa kawaida haitudhuru kuliko mchomo wa nyuki. Ni wachache sana wa kuogopwa, na katika somo hili tutasoma habari za mmoja wao.

Buibui huyo hukaa Marekani, hasa katika nchi za kusini zenye joto. Wataalamu humwita Latrodectus mactans, nao watu wa huko humwita kwa jina ambalo maana yake ni mjane mweusi, kwa sababu husemwa kwamba jike humla mume wake. Jambo hilo hutokea, lakini si kila mara. Jike ni mweusi anayeng'aa kama kiatu kilichopakwa rangi, na tumbo lake ni la mviringo, kubwa kama mbaazi. Ukimgeuza utaona chini ya tumbo alama nyekundu, umbo lake kama ngoma nyembamba iliyobanwa kiunoni. Dume ni mdogo sana, wala hamdhuru mtu. Jike hapendi ugomvi. Hukaa gizani, katika rundo la kuni, chini ya mawe, katika ghala, na zamani zaidi ya pote katika vyoo vya nje, ambako watu wengi waliumwa walipokwenda kukaa bila kutazama. Huuma akibanwa, au akidhani utando wake umeingiliwa.

Sasa sikilizeni ajabu. Ingawa wakulima wa nchi ile walijua tangu zamani kwamba buibui huyu ni hatari, madaktari wengi hawakusadiki. Walisema, Mnyama mdogo namna hii atawezaje kumwangusha mtu mzima? Na kutosadiki huko kulikuwa na madhara makubwa. Mtu aliyeumwa huona maumivu makali tumboni, na misuli ya tumbo lake hukakamaa hata huwa ngumu kama ubao. Daktari asiyejua habari ya buibui, akiligusa tumbo la namna ile, hufikiri kwamba utumbo umetoboka, au kwamba kidole cha tumbo kimeoza. Basi walikuwako wagonjwa waliolazwa mezani na kupasuliwa matumbo yao, na ndani hakikuonekana kitu chochote kibaya. Mtu alikwisha kuteswa na sumu, kisha akateswa na kisu pia.

Hapo wataalamu wakaanza kutafuta hakika. Katika mwaka 1922, mtaalamu mmoja wa wadudu katika Chuo Kikuu cha Arkansas, jina lake William Baerg, aliwajaribu kwanza panya, na panya hawakudhurika sana. Hakuridhika. Alitoa kidole chake mwenyewe akamwacha buibui akiume. Maumivu yakapanda mkononi hata begani, yakashuka kifuani na miguuni, naye akalazwa hospitali siku kadhaa kabla hajapona. Katika mwaka 1926 daktari Emil Bogen wa Los Angeles naye aliandika habari za watu walioumwa. Hata hivyo walikuwako wenye shaka.

Ndipo alipoondokea Allan Blair, mwalimu wa utabibu katika Chuo Kikuu cha Alabama. Alikuwa kijana bado, mwenye afya njema. Alifikiri hivi: mgonjwa aletwaye hospitali huja amechelewa, tena pengine hakumwona aliyemwuma, kwa hiyo daktari hawezi kujua ugonjwa ulianzaje wala uliendeleaje saa baada ya saa. Lakini mtu akiumwa mbele ya mashahidi, na kila jambo likaandikwa, mabishano yatakwisha.

Siku moja ya mwezi wa Novemba 1933 akamtwaa buibui jike, aliyekuwa amemnyima chakula siku nyingi, akamweka katika kidole cha mkono wa kushoto. Buibui akauma. Blair hakumtoa upesi. Alimwacha ang'ang'anie sekunde 10, ili sumu iingie ya kutosha. Wasaidizi wake walikuwa karibu na kalamu zao.

Mahali pale palionekana alama ndogo tu. Mtu asiyejua angalidhani ameguswa na mwiba. Maumivu ya kwanza yalikuwa kama moto kidoleni, kisha yakaanza kusafiri, yakapanda mkono wote mpaka kwapani. Baadaye yakaingia kifuani, tumboni, mgongoni na miguuni. Tumbo likakakamaa. Pumzi ikawa ya shida, mwili ukatetemeka, jasho likamtoka. Mwanzo aliandika mwenyewe yale aliyoyaona. Kisha mkono ukashindwa, wakaandika wenzake. Walimpeleka hospitali, na daktari aliyempokea alisema kwamba hakumbuki kuona maumivu makubwa kuliko yale katika ugonjwa mwingine wowote. Hata hivyo Blair alitaka mapigo ya moyo wake yapimwe kwa chombo kiandikacho mwendo wa moyo, ingawa kulala kimya kulimtesa. Kitu kilichompa nafuu kidogo ni kuoga maji ya moto, lakini nafuu ile haikudumu.

Usiku ulikuwa mrefu. Usingizi hakupata. Lakini baada ya siku chache maumivu makali yalipungua, akatoka hospitali akiwa mdhaifu, na baadaye akapona kabisa. Katika mwaka 1934 aliyatangaza maandiko yake katika jarida la madaktari, na tangu hapo ilikuwa vigumu kwa daktari msomaji kusema kwamba buibui huyu hadhuru. Mwanzoni Blair alikuwa amekusudia kuumwa tena mara ya pili, apate kujua kama mwili uliokwisha kuonja sumu huweza kuizuia. Lakini alipopona alikiri waziwazi kwamba ushujaa wa kurudia hakuwa nao. Wazee wetu husema, Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na mimi simlaumu hata kidogo. Wala mtu yeyote miongoni mwenu asijaribu kufanya kama yeye. Yeye alikuwa na madaktari kando yake, na jambo alilolitafuta limekwisha kujulikana.

Je, sumu ile hufanyaje kazi? Mwilini mwetu mna mishipa ya fahamu, ipelekayo amri kutoka ubongoni hata kwenye misuli, kama tarishi achukuaye barua. Mwisho wa kila mshipa kuna akiba ndogo ya dawa ya mwili, ambayo hutolewa kidogo kidogo kila amri inapofika. Sumu ya buibui huyu hufungua ghala zile na kuziacha wazi. Amri zinatoka bila kuamriwa. Ndiyo sababu misuli hukazana ovyo, jasho hutiririka, moyo huenda mbio, na damu husukumwa kwa nguvu kupita kiasi. Haiozeshi nyama wala haitoboi utumbo. Ghala zikijengwa tena na kujaa, mwili hurudi katika hali yake, na kwa hiyo walio wengi sana hupona hata wasipopata dawa ya kuishinda sumu. Wa kuhofiwa zaidi ni watoto wadogo, wazee, na wenye ugonjwa wa moyo. Mwanamke mwenye mimba naye aangaliwe sana.

Mtu akiumwa, yafaa kwanza akae chini atulie. Mahali pa jeraha poshwe kwa maji na sabuni. Kama kuna barafu, ifungwe katika kitambaa iwekwe juu ya jeraha kwa dakika chache chache. Kama hakuna, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi chafaa pia. Pete na bangili zivuliwe mapema, kwa sababu mkono ukivimba hazitatoka. Kisha apelekwe hospitali, hasa maumivu yakianza kupanda, au akiwa mtoto. Buibui akiwa ameuawa, achukuliwe katika kopo ili mganga amtambue. Lakini msipoteze saa nzima mkimtafuta, wala mtu wa pili asiumwe kwa sababu ya udadisi.

Kuna mambo mengine ambayo watu hufanya kwa nia njema, nayo huongeza taabu. Wengine huchanja jeraha kwa wembe. Sumu haitoki kwa njia hiyo, bali huingia uchafu. Wengine hunyonya kwa kinywa, na wengine hufunga kamba juu ya jeraha. Kamba ya kukaza huzuia damu, na mkono waweza kuharibika, na hali buibui peke yake asingaliuharibu. Yote hayo yaachwe.

Hospitalini mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza maumivu na ya kulegeza misuli. Iko pia dawa ya kuishinda sumu yenyewe. Katika Australia yuko ndugu wa buibui huyu, mwenye mstari mwekundu mgongoni, na tangu mwaka 1956 watu wa huko wana dawa iliyotengenezwa kwa damu ya farasi. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, mpaka damu yake ikazoea kupigana nayo. Kisha sehemu ya damu ile husafishwa ikawa dawa. Lakini kwa kuwa yatoka katika damu ya mnyama, miili mingine huikataa kwa nguvu, na daktari huipima hali ya mgonjwa kwanza kabla ya kumdunga.

Sasa niseme kidogo juu ya siku za kupona, maana mara nyingi watu huzisahau. Maumivu makali huweza kudumu siku 1 mpaka 3. Hayaji kwa kipimo kimoja; hupanda na kushuka kama mawimbi, na mgonjwa akiona yamerudi baada ya kupungua, hudhani kwamba anakufa. Hofu hiyo humtesa karibu sawa na sumu yenyewe. Kwa hiyo anayemwuguza ampashe habari mapema: Yatarudi, lakini kila siku yatakuwa madogo kuliko jana. Ampe maji ya kunywa, kwa sababu jasho limemkausha. Ambadilishie nguo zilizolowa. Akae naye usiku, kwa kuwa usiku ndio mgumu. Hata maumivu yakiisha, udhaifu, misuli kushtukashtuka na kukosa usingizi huweza kubaki kwa majuma kadhaa. Si uvivu, wala mtu asirudishwe kwenye jembe siku ile ile aliyotoka kitandani. Na pumzi ikimshinda, au kifua kikimbana, au jeraha likiwa jekundu na lenye usaha, arudi hospitali bila kungoja.

Juu ya usaha kuna jambo la kukumbuka. Watu wengi wakiamka na jipu hulaumu buibui ambaye hawakumwona. Mara nyingi buibui hana hatia. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho vilivyoingia katika mkwaruzo mdogo, na jipu hilo lataka dawa nyingine kabisa.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki yuko ndugu mwingine wa mjane mweusi, aitwaye Latrodectus geometricus. Yeye ni wa rangi ya kahawia, mwenye madoadoa, na alama ya chini ya tumbo lake ni ya rangi ya chungwa. Utamtambua upesi kwa vifuko vya mayai yake, vilivyo mviringo na kujaa vijiti vidogo pande zote kama miiba. Hupenda chini ya viti, katika ndoo zilizoachwa, na pembe za madirisha. Akiuma, kwa kawaida maumivu hubaki karibu na jeraha tu wala hayaenei mwili mzima, lakini matunzo ni yale yale. Kabla ya kuvaa viatu vilivyolala nje, vikung'ute. Kabla ya kuchukua mzigo wa kuni, upige kwa fimbo. Na ukikuta vifuko vile vya miiba chini ya dawati lako, usitie kidole. Mwite mwalimu alete ufagio.

MASWALI

1. Kwa nini madaktari wa zamani waliwapasua watu walioumwa na buibui?
2. Blair alitaka kujua nini ambacho hakikuweza kujulikana kwa wagonjwa walioletwa hospitali?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi sumu inavyokaza misuli.
4. Ndugu yako ameumwa, na jirani ameleta wembe na kamba. Utamwambia nini?
5. Tafuta buibui mmoja nyumbani kwenu. Mtazame bila kumgusa, kisha andika rangi yake, mahali anapokaa, na namna ya utando wake.