Mdogo wangu, jipe siku moja London

Mdogo wangu wa Mwanza, barua yako imenichekesha kabla haijanifikirisha. Mwajiri anakupeleka London kwenye mafunzo, unabakiwa na siku nzima kabla ya ndege ya kurudi, na unachoniuliza ni kama namfahamu Mtanzania yeyote huko wa kukutembeza, maana "siwezi kuzurura peke yangu dada, watu watanionaje?" Watu gani? Mji ule una watu karibu milioni 9, na hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akijiuliza wewe umekuja na nani.

Watanzania wapo tele, na watakupokea vizuri. Watakupeleka kwao, mtakula pilau, mtazungumza ya nyumbani mpaka usiku, kisha utarudi Mwanza ukiwa umeiona London kupitia dirisha la treni. Wasalimie kwa simu. Siku hiyo moja niachie mimi niipange, na wenzako wanaosoma kona hii wajipatie humo humo.

Anzia Trafalgar Square saa nne asubuhi, National Gallery inapofungua milango. Kuingia ni bure. Wanachotoza ni maonyesho maalumu tu, na wewe huyahitaji. Mkoba wako utapekuliwa mlangoni, na sanduku kubwa la safari litakusumbua, kwa hiyo liache hotelini. Utakutana na kisanduku cha michango. Ukijaliwa tia chochote, usipojaliwa pita ukiwa umenyoosha shingo.

Huko kutolipa ndiko nakutaka ukutumie. Mtu aliyetoa kiingilio hutaka fedha yake irudi: ataburuza miguu chumba hadi chumba, macho yameshachoka tangu chumba cha tano, na bado anasukuma mbele kwa sababu amelipa. Wewe hudaiwi kitu. Jumba lile linamiliki picha zaidi ya 2,300, na ukiipa kila moja dakika moja tu, bila kula wala kwenda msalani, utahitaji saa 38. Basi acha. Chagua tatu, zitazame mpaka zikuzoee, halafu toka nje ukaote jua kama lipo. Ukizikumbuka saa tisa mchana, rudi. Hakuna atakayekuuliza mbona umerudi. Ukiwa na kampani jambo hilo haliwezekani, maana mmoja ana njaa, mwingine viatu vinambana, na wa tatu alishasema tangu mwanzo kwamba yeye si mtu wa michoro.

Hizi ndizo tatu zangu. Ya kwanza ni ya Jan van Eyck, ya mwaka 1434. Bwana na bibi wamesimama chumbani, mikono yao imeshikana, bwana kavaa kofia pana nyeusi na bibi gauni la kijani. Ni picha ndogo, haifiki mita moja kwenda juu, na watu huisonga, kwa hiyo subiri zamu yako. Usiishie kwenye nyuso. Nyuma yao ukutani kuna kioo cha duara, na ndani ya kioo unawaona wale wawili kwa migongo, halafu mlangoni wanaonekana watu wengine wawili wakiwa kama wanaingia, pale pale uliposimama wewe. Juu ya kioo mchoraji ameandika kwa Kilatini kwamba yeye alikuwapo. Wasomi wamebishana miaka na miaka kama hii ni ndoa, ni posa, au ni kumbukumbu ya mke aliyekwisha fariki. Tumbo la bibi nalo limezua maneno, ingawa wanaojua mavazi ya zama zile wanasema ni wingi wa kitambaa alichokikusanya mbele kama ulivyokuwa mtindo. Wewe umekaa kwenye vikao vya harusi vingi kuliko maprofesa hao. Toa hukumu yako.

Ya pili ni ya Hans Holbein, ya mwaka 1533, wanayoiita "The Ambassadors". Mabwana wawili wa Kifaransa wamesimama kwa fahari zao, na katikati yao kuna rafu iliyojaa tufe za dunia na za nyota, vipimo vya anga, na ala ya muziki iliyokatika uzi mmoja. Chini, miguuni mwao, kuna kitu kirefu cha kijivu kimelala mshazari, utadhani mchoraji aliteleza. Usimwulize mtu. Nenda mpaka mwisho wa picha upande wa kulia, karibu kabisa na ukuta, kisha igeukie uitazame kwa pembeni. Ni fuvu la binadamu. Rudi katikati, limepotea. Rudi kulia, lipo. Utakwenda na kurudi, utainama, utafumba jicho moja, na hapatakuwa na mtu wa kukuvuta mkono akisema "haya, twende basi". Ndiyo maana nikakunyima kampani.

Ya tatu ni farasi. George Stubbs alimchora yapata mwaka 1762, kwa ukubwa wa farasi mwenyewe, kwenye turubai ya karibu mita tatu. Hakuna mpanda farasi, hakuna mti, hakuna hata ardhi. Kaa kwenye benchi umtazame, miguu ipumzike.

Hapo kwenye benchi ndipo utakapopata jibu la swali lako la kuonwaje. Zungusha macho. Yule mzee kaja peke yake, yule dada mwenye miwani kaja peke yake, na yule kijana kakaa sakafuni na daftari anachora mkono wa mtakatifu fulani. Majumba ya sanaa hujaa watu walio peke yao. Nawe beba daftari na penseli, hata kama unachora kuku akitoka bata. Ukichora kitu, jicho linalazimika kukiangalia, na kamera ya simu haitakudai hivyo. Walinzi wa vyumba nao waulize, maana wanazikalia zile picha kila siku na wengi wao hupenda kuulizwa kitu kingine zaidi ya choo kiko wapi.

Simu tuizungumze sasa. Ndani unaweza kupiga picha bila mwanga wa kamera. Lakini nakujua wewe, una kundi la familia, la kanisa, la ofisini na la waliosoma pamoja. Piga moja ya ukoo nje kwenye wale simba wa shaba, itume kote, kisha simu iingie kwenye mkoba wenye zipu. Kuna na sababu ya usalama: London wako vijana wa baiskeli wanaonyakua simu mkononi mwa mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara akisoma ramani. Ukitaka kutazama njia, egemea ukuta au ingia dukani kwanza. Kuvuka barabara hakutakupa shida, magari yao hupita kushoto kama yetu.

Chakula. Hiki ndicho kinachowatisha wengi, kukaa mezani peke yako. Kona ya uwanja ule kuna kanisa la St Martin-in-the-Fields, na chini yake, kwenye kuba la zamani la maziko, kuna mkahawa wa kujihudumia. Unabeba sinia lako na kutafuta meza. Sakafu ina mawe ya makaburi, kwa hiyo utakula supu miguu ikiwa juu ya jina la mtu, na mila zetu kwa hilo sijui zinasemaje. Ukiona gumu, ingia supamaketi yoyote ununue sandwichi na kinywaji kwa bei ya pamoja, ukale nje kwenye benchi kama wafanyakazi wa maofisini wanavyofanya.

Baada ya hapo usipande kitu. Shuka Northumberland Avenue mpaka mtoni, vuka kwa daraja la waenda kwa miguu lililoegemea reli ya Charing Cross, na ukifika ng'ambo pinda kushoto ufuate maji. Wewe wa ziwani utashangaa, lakini wasomaji wangu wa Tanga na Mombasa watajiona kwao, kwa sababu Thames pale mjini unakupwa na kujaa kama bahari. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita saba. Yakitoka unaona ufuko mzima na ngazi za kushukia. Usiokote vigae wala sarafu, kuokota kunahitaji kibali cha mamlaka ya bandari.

Sasa nikupe mchezo wa njiani. Kibanda chekundu cha simu, kile kilichomo kwenye kila kadi ya posta, kilisanifiwa miaka ya 1920 na msanifu Giles Gilbert Scott. Dakika chache baadaye unapita chini ya Waterloo Bridge, lenye soko la vitabu vya mitumba uvunguni mwake: ni Scott tena. Na mwisho wa matembezi yako, lile jengo la matofali lenye dohani ya mita 99, ni Scott vile vile, alilisanifu kama kituo cha kufua umeme. Waterloo Bridge usilipite haraka. Lilijengwa wakati wa vita, wanaume wako mstari wa mbele, na wanawake wengi walifanya kazi pale hata watu wakaliita daraja la kina mama. Lilipofunguliwa rasmi mwaka 1945, hotuba ikawashukuru wanaume waliolijenga. Sina la kuongeza, nunua kitabu uendelee.

Kituo kile cha umeme kilizimwa mwaka 1981, na mwaka 2000 kikafunguliwa upya kuwa Tate Modern. Nacho hakina kiingilio. Ingia kwa mlango wa mteremko ili ukutane kwanza na ukumbi wa mitambo, ulio mtupu na mrefu kiasi kwamba mtu wa mwisho wake humwoni sura. Kazi inayowekwa humo hubadilishwa. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya El Anatsui, mzaliwa wa Ghana, aliyetundika mapazia makubwa yaliyoshonwa kwa vifuniko vya chupa. Watoto hubiringika kwenye mteremko na watu wazima hukaa chini. Kaa nawe.

Tate inamiliki kazi za Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, akiwa na miaka 63. Kanga imo mara nyingi katika kazi zake, pamoja na tabia ya kanga ya kusema kwa maandishi. Hazitundikwi zote wakati wote, hivyo tazama tovuti yao kabla hujatoka hotelini, na uulizie pia picha za Mark Rothko za rangi ya damu ya mzee. Alizichora kwa ajili ya mgahawa wa matajiri wa New York, akaenda kula pale, akaghairi mkataba. Tisa kati yake aliipa Tate, na zilifika London siku ile ile aliyokutwa amekufa, Februari 25, 1970. Mimi kwa Rothko humaliza muda mrefu kuliko kwa farasi. Wewe ukiona ni ukuta tu uliopakwa rangi, toka. Si lazima uzipende.

Yapata saa kumi hivi ukiwa utakupata. Nakwambia mapema usije ukadhani safari imeharibika. Desemba jua huwa limeshazama muda huo, basi ndiyo zaidi. Mara nyingi ni miguu na njaa vinavyolia, kwa hiyo agiza chai, kaa dirishani, na usipige simu nyumbani mpaka uimalize, maana mama atasikia sauti yako na kulala na wasiwasi bure.

Kurudi panda basi la ghorofa, ukae juu mbele kabisa. Mabasi hayo hayajapokea fedha taslimu tangu 2014, unagusisha kadi ya benki tu, kwa hiyo iarifu benki yako kabla ya kuondoka ili kadi isigome ugenini.

Na kwa kuwa tiketi hujakatiwa bado, mwone mhusika wa ofisini kwenu wiki hii. Mwombe siku yako ya mapumziko iangukie Ijumaa, ndege iwe Jumamosi. Siku nyingine National Gallery hufunga saa kumi na mbili jioni, ila Ijumaa wanakwenda mpaka saa tatu usiku, na baada ya saa kumi na mbili vikundi vya shule vimeshaondoka, huna wa kugombania naye kioo cha van Eyck.