Dawa ya Kiungulia Ikikutana na Dawa Nyingine

Mtu anamaliza ugali na maharage, kifua kinawaka, anamtuma mtoto dukani akalete magnesiamu. Anatafuna viwili, analala. Hakuna ubaya, ila kama kuna dawa nyingine aliyotoka kuimeza au anayokaribia kuimeza.

Vidonge hivyo vyeupe huwa na magnesiamu, aluminiamu au kalsiamu. Madini haya, pamoja na chuma na zinki, hushikamana tumboni na baadhi ya dawa, na dawa iliyoshikwa haipenyi kuingia kwenye damu; hutoka na choo. Ndiyo maana mgonjwa wa njia ya mkojo anaweza kumaliza dozi ya siprofloksasini asipone, kisha lawama zote zikaangukia dawa kuwa feki! Sipro imezwe angalau masaa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au masaa 6 baada yake. Doksisaiklini, ipishane nayo kwa masaa 2 hadi 3. Dawa ya tezi ya shingo, masaa 4.

Wanaotumia TLD, dawa ya kufubaza VVU, wawe makini zaidi: kanuni yao ni ileile ya sipro. Tuseme mama mjamzito humeza TLD saa 3 usiku. Kiungulia kikimshika saa 8 mchana, atafune magnesiamu. Hadi saa 3 yatakuwa yamepita masaa 7. Kikimshika saa 1 jioni, avumilie: ameze TLD kwa wakati wake, magnesiamu isubiri hadi saa 5 usiku. TLD isirukwe kwa sababu ya kiungulia.

Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki havina ukali huo. Anaweza kuvimeza pamoja na TLD, mradi ameshakula. Tumbo likiwa tupu, masaa ni yaleyale. Avimeze kwa maji, si kwa chai, maana chai nayo huzuia chuma, kama magnesiamu inavyokizuia.

Ukienda duka la dawa, taja kila unachomeza, hata vitamini za kopo.

Kiungulia kisichoisha kwa wiki 2, au chakula kinachokwama kooni, kipimwe hospitali. Choo cheusi kwa anayemeza vidonge vya chuma ni kawaida. Kikiwa cheusi, laini, kinanata na kunuka vibaya, huenda tumbo linavuja damu: nenda hospitali saa hiyohiyo.