Migomba Iko Wapi? Somo la Kusoma Picha za Kuchonga

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita nilisimama mbele ya semina na picha moja ya karne ya 19: vilima, nyasi, ziwa, na watu wawili wadogo kwa mbali. Nilikuwa nimeidesa kwenye intaneti, haina hata jina la mchoraji. Nikatamka bila aibu kwamba nchi zetu za magharibi mwa Ziwa Victoria wakati huo zilikuwa pori tupu. Maksi nikapata, tena nzuri tu.

Likizo nikarudi nyumbani Nyamahanga, nikamwonyesha bibi kwenye simu. Akaitazama weee, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hawa wanakula nini? Migomba iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Ikabidi nisome upya, safari hii kuhusu picha zenyewe zilivyotengenezwa.

Chukueni safari ya Speke na Grant. Mwishoni mwa 1861 walipita Usui, upande wetu huu wa Biharamulo, wakisumbuana na mtawala Suwarora juu ya hongo, kisha wakaingia Karagwe kwa Rumanika. Grant akaugua mguu, akabaki Karagwe hadi Aprili 1862. Mchoraji wa msafara alikuwa yeye, na michoro yake imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Lakini kitabu cha Speke kilipochapwa 1863, msomaji hakuona mkono wa Grant. Picha zilichorwa upya Uingereza na Johann Baptist Zwecker, ambaye hakuwamo safarini, kisha mchongaji akazikata kwenye ubao.

Ubao huo hufanya kazi kama mhuri wa ofisi ya kijiji: palipochongwa panabaki peupe, palipoachwa panashika wino. Unapangwa pamoja na herufi na kupigwa chapa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ni rahisi kwa kitabu. Picha kubwa iliunganishwa kwa vipande kadhaa, na mara nyingine kila kipande kilikuwa na mchongaji wake. Hapo shamba la mtu likipotea, utamuuliza nani?

Njia ya asidi ni nyingine kabisa. Bamba la shaba linapakwa nta, mchoraji anakwaruza kwa sindano, asidi inakula palipokwaruzwa. Wino unajaa kwenye mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu inabanwa juu yake kwa nguvu. Mwaka uleule wa 1862, wachoraji wa asidi walianzisha chama chao Paris, na Daubigny akatoa picha za safari zake za mtoni ndani ya mashua yake mwenyewe. Aliyeona ndiye aliyekwaruza. (Hata hivyo angalieni: ukichora moja kwa moja kwenye bamba, kulia hutokea kushoto.)

Kuzitofautisha si kazi ngumu ukiwa na karatasi yenyewe mkononi. Ya asidi ina mstari unaotembea kama penseli, na pembeni karatasi imebonyea kufuata ukingo wa bamba. Ya ubao haina alama hiyo. Mbingu yake mara nyingi ni mistari iliyonyooka sambamba, na pengine utaona ufa mwembamba mweupe vipande vilipoungana. Tazama pia pembe za chini, majina mawili yanaweza kuwapo: la aliyechora na la aliyechonga.

Sisemi Grant alidanganya. Ila ziwa moja la Karagwe wageni hao waliliita Little Windermere, jina la ziwa la kwao Uingereza. Mtu wa namna hiyo akitazama mgomba, sijui kama anaona chakula au anaona pambo.

Picha yangu ni ya ubao, imekatika pembe zote mbili. Nimeomba nafasi ya kurudia kazi ile, hata kama maksi zitashuka. Chini ya picha nimefuta maneno "pori tupu", nikaandika: "Vilima, kama vilivyochongwa Ulaya." Bibi nimemsomea. Kasema bado hajaiona migomba.