Simu ya upepo inapotea ghorofani

*Kituo chetu cha zimamoto kiko pembezoni mwa Dar es Salaam. Nje, simu za upepo zinasikika vizuri. Mwenzetu akiingia ghorofani, sauti inakatakata au inapotea kabisa. Tununue mpya? – Askari*

Afande, hofu yako ina msingi: aliye ndani ya moshi bila mawasiliano yuko peke yake. Lakini msikimbilie dukani. Zege na nondo hudhoofisha mawimbi, na simu ya upepo ya mkononi ina wati 5 hivi tu za kuufikia mnara wa mbali. Kwenye tukio, tumieni chaneli ya moja kwa moja isiyopitia mnara. Kiongozi asimame karibu na mlango. Mwenzake aliye kwenye gari, penye redio ya nguvu zaidi, ndiye apeleke taarifa makao makuu. Antena isimame wima, na msemaji abonyeze kitufe, atulie kidogo, ndipo aongee. Jaribuni haya leo kwenye majengo marefu ya eneo lenu, mkiandika sauti inapopotelea.

Ikikatika hata nje, fundi akague antena, betri na mnara. Mkihitaji masafa mapya, huombwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Na asiyejibu akiitwa, afuatwe papo hapo. Msingoje chaneli itulie.