UJIRA WA KAZI YA KWANZA: TUUPIME KWA MIZANI GANI?



Katika darasa letu la baada ya Isha tuliletewa suala na kijana mmoja katika wanafunzi wetu wa Mombasa. Kijana huyu amemaliza masomo ya stashahada, na baada ya kuhangaika miezi mingi amepata barua ya kazi ya kwanza maishani mwake: ukarani wa ghala katika mji wa Machakos. Barua yenyewe ni ya mistari sita tu. Yasema kwamba atalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwamba mambo mengine wataelewana akishafika. Amepewa siku tano za kujibu.

Mama yake amwambia akubali, kwani haba na haba hujaza kibaba. Mjomba wake amwambia akatae, kwani mtu hakusomeshwa kwa taabu ile ili auze elimu yake kwa bei ya kutupa. Kijana akatuuliza: Je, mshahara huu ni wa haki au ni wa dhuluma?

Sisi tuliona kwamba mama na mjomba wote wawili wamekwisha hukumu na mizani bado haijashikwa. Mshahara hauitwi mdogo wala mkubwa kwa kutajwa tu. Hupimwa. Na katika darasa la leo tutaeleza mizani tatu za kuupimia, kisha tutaeleza namna ya kusema na mwajiri.

MIZANI YA KWANZA: UJIRA UWE NI WENYE KUJULIKANA

Mafakihi wetu wameiweka ijara katika milango ya biashara, nao wameshurutisha kwamba ujira ujulikane kiasi chake na namna yake kabla ya kazi kuanza. Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi watakumbuka kwamba haisihi kumwajiri mtu amchune mnyama kwa malipo ya ngozi ile ile, wala kumwajiri msaga nafaka kwa sehemu ya unga atakaousaga. Kwa nini? Kwa sababu hapana ajuaye ngozi itatoka nzima au imetoboka, wala unga utakuwa wa namna gani. Ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi.

Na katika Sura ya Al-Qasas tumesimuliwa habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan hali ya kuwa mgeni, mkimbizi, hana hata pa kulala. Mzee wa Madyan hakuutumia unyonge wake. Alimtajia malipo, akamtajia muda, miaka minane, na kwamba akitimiza kumi itakuwa ni hisani yake mwenyewe, kisha akamwambia kwamba hapendi kumtaabisha. Wakakubaliana waziwazi, na Mwenyezi Mungu akawa ndiye shahidi wa maneno yao. Basi ikiwa mgeni mwenye njaa aliwekewa mapatano wazi namna hii, itakuwaje kijana mwenye stashahada aambiwe, "Njoo, tutaelewana"?

Sheria ya nchi nayo yakubaliana na jambo hili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wowote wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na ndani yake itajwe kazi, mahali pake, saa zake, mshahara na namna ya kuulipa. Yampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Muda wa kujaribiwa usizidi miezi sita, na hauongezwi ila kwa ridhaa ya mfanyakazi mwenyewe.

Kwa mizani hii, barua ya kijana wetu ilikuwa na kasoro kabla hatujafika kwenye hesabu. Kukubali barua kama ile ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huenda mbuzi akawa mnono, lakini mnunuzi hajui.

MIZANI YA PILI: UJIRA WA MFANO

Mafakihi wana neno lao, ujratul-mithl, yaani ujira wa mfano: kile anachopewa mtu mfano wako, kwa kazi mfano wa kazi yako, katika mji ule ule na wakati ule ule. Mapatano ya ijara yakiharibika na kazi imekwisha fanywa, huo ndio ujira anaohukumiwa mfanyakazi. Basi kipimo cha haki si tamaa ya mtakaji, wala si ubahili wa mtoaji. Ni desturi ya watu waadilifu mahali pale.

Kwa hiyo tulimwambia kijana asijilinganishe na binamu yake aliyeko Doha, wala na rafiki yake wa bandarini Kilindini. Ajilinganishe na makarani wa ghala wa Machakos. Awaulize watatu wasiopungua, na kama hawajui, aanzie kwa jamaa wa msikitini huko, ambao watamwelekeza kwa wenye maduka na maghala.

Ama sakafu ya ujira, ambayo mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake hata kama mfanyakazi amekubali, hiyo imewekwa na serikali. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 iligawanya nchi sehemu tatu: majiji; kisha miji iliyokuwa na mabaraza ya manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru; kisha sehemu nyinginezo. Machakos imo katika sehemu ya pili. Kwa amri ile, mfanyakazi asiye na ufundi wowote, kama mfagiaji au mtunza bustani, kima chake cha chini katika sehemu hiyo kilikuwa kama shilingi 14,867 kwa mwezi. Juu yake huongezwa posho ya nyumba ya asilimia 15, nayo ni kama shilingi 2,230. Jumla ni shilingi 17,097. Wenye ufundi na makarani wana mistari yao katika amri, juu ya mstari huo. Amri hizi hubadilishwa mara kwa mara, na mwenye kutaka kuijua inayotumika siku anayoajiriwa aende ofisi ya leba akaulize; kuuliza hakulipiwi.

Sasa tazameni. Barua yasema 20,000, na haikutaja nyumba. Kama posho ya nyumba imo ndani ya hizo 20,000, basi kijana aliyesoma amezidi kima cha chini cha mfagiaji kwa shilingi 2,903 tu. Na kama posho ya nyumba ni nje yake, atapata 3,000 zaidi, na jumla itakuwa 23,000. Neno moja ambalo halikuandikwa lina thamani ya shilingi 36,000 kwa mwaka. Sheria yamruhusu mwajiri kuuchanganya mshahara na nyumba, lakini sharti mkataba useme hivyo.

Wala jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Machakos ilikuwa kituo cha Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1889, na wapagazi wa Mombasa na Unguja walipita huko na mizigo vichwani. Wengi wao hawakujua kuandika majina yao, lakini walijua vyema kwamba mshahara ni kitu kimoja na posho ni kitu kingine. Mshahara ni malipo ya kazi. Posho ni chakula cha safari, nayo haikutolewa katika mshahara. Je, babu zetu wasiokuwa na vyeti wawe ni wajuzi kuliko sisi wenye vyeti?

MIZANI YA TATU: KINACHOBAKI MKONONI

Kinachotajwa katika barua sicho kinachofika mkononi. Katika shilingi 20,000 hukatwa asilimia 6 ya N.S.S.F., nayo ni 1,200, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho kwa upande wake. Hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, nayo ni 550. Hukatwa asilimia 1.5 ya ada ya nyumba za serikali, nayo ni 300. Kodi ya mapato haimfikii, kwani mshahara wake hauzidi 24,000. Jumla ya makato ni 2,050, na mkononi hubaki 17,950.

Tuliketi naye tukaandika matumizi ya mtu mmoja asiye na israfu. Tuseme chumba 4,500, chakula 6,500, nauli 2,000, maji, umeme na gesi 1,200, simu, sabuni na nguo 1,250. Hayo ni 15,450. Hubaki 2,500. Na ndani ya hizo mna nauli ya kurudi Mombasa Idi mbili, na maradhi, na jambo la ghafula.

Hapo kijana akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alikwisha mwahidi mama yake shilingi 6,000 kila mwezi kwa kodi ya nyumba.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye dhara kubwa. Kijana aendaye kazini bila ya hesabu hii huanza kukopa mwezi wa pili. Hukopa kwa simu, kwa riba, na mkopo wa leo hulipwa kwa mkopo wa kesho. Watu husema ameharibika, ana anasa, amesahau wazee. Kumbe hakuharibika, alitoa ahadi ya shilingi 6,000 ilhali ana 2,500. Basi hesabu hii aifanye mbele ya mama yake, si kwa siri, ili mama naye asiweke tamaa pasipo na kitu.

KUULIZA SI UTOVU WA HAYA

Vijana wetu wengi huona haya kusema juu ya mshahara. Hudhani kwamba mwenye adabu hupokea anachopewa akashukuru. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomfanya mtu apoteze haki yake na ya wazazi wake si hiyo iliyosifiwa. Nabii Yusuf (A.S.) alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri aliomba cheo mwenyewe, akataja sifa zake mbili, kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Hakujigamba, alieleza kile anachokiweza.

Tulimsaidia kijana kuandika jibu. Alianza kwa kushukuru. Akaeleza masomo yake na miezi mitatu aliyofanya kazi ya kujifunza. Kisha akauliza mambo matano: posho ya nyumba imo ndani au nje, saa za kazi na malipo ya ziada, muda wa kujaribiwa na lini mshahara utatazamwa upya, likizo, na ruhusa ya swala ya Ijumaa. Mwisho akaomba 23,000, akataja sababu. Hakutisha, wala hakusema kwamba ana kazi nyingine ilhali hana, kwani uongo hauwi halali kwa kuwa ni wa kutafutia riziki.

Na haki hii ina upande wa pili. Waliolaaniwa kwa kupunja vipimo si wenye maduka peke yao. Mfanyakazi apokeaye mshahara kamili akatoa kazi nusu, naye amepunja.

TUJITAZAME NA SISI

Twaogopa msomaji asije akadhani kwamba kasoro hii ni ya waajiri wa mbali tu. Ni wangapi katika wenye maduka wetu humchukua mtoto wa jamaa, wakamwambia, "Wewe ni mwanetu," kisha ikawa uwana huo ndio mshahara wake? Ni kamati ngapi za misikiti na madrasa humwajiri mwalimu bila ya kumtajia kitu, na akiuliza huambiwa kwamba kazi hii ni ya Mwenyezi Mungu? Na sisi wenyewe katika ujana wetu tulisomesha miaka miwili kwa ahadi ya "tutaelewana", na hatukuelewana. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa ni mdai wa yule aliyemtumikisha mtu akaitimiza kazi, kisha asimpe ujira wake. Hadithi hizi twazisoma mimbarini. Basi na tuzisome pia siku ya mkutano wa kamati.

LILILOTOKEA

Jibu lilikuja siku ya nne. Mwajiri hakutoa 23,000. Aliandika mshahara 18,500 na posho ya nyumba 3,000, jumla 21,500, Ijumaa akaikubali, likizo akaitaja, na akaandika kwamba mshahara utatazamwa upya baada ya miezi sita. Kijana aliketi na mama yake, wakakubaliana ampelekee 3,000 hadi miezi hiyo sita ipite. Kisha akatia sahihi, akenda.

Je, mshahara ule ni wa haki? Twasema ni wenye kujulikana, haukushuka chini ya ujira wa makarani watatu aliowauliza, na watosha bila ya kukopa. Si mnono. Lakini ameuingia macho yake yakiwa wazi, na hilo ndilo tulilokuwa twamtakia.

MASUALA YA DARASA LIJALO

1. Ni nini tofauti ya kima cha chini cha serikali na ujira wa mfano? Je, mwajiri aliyetimiza la kwanza ametoka katika dhima ya la pili?
2. Mtu aliyefanya kazi mwezi mzima bila ya kutajiwa ujira, ahukumiwe nini?
3. Kila mmoja wetu aliye na mtumishi nyumbani au dukani aandike mshahara anaompa, aulinganishe na amri ya serikali, kisha aje nayo darasani.

Wabillahi tawfiq.