Kipanga Mweusi, Mwindaji wa Mwituni

Huko Kapsokwony, katika miteremko ya Mlima Elgon, kifaranga akinyakuliwa uani lawama humwangukia mwewe. Pengine ni kweli, lakini mwewe huonekana kwanza: huzunguka angani polepole, na mkia wake una panda. Yuko mwingine asiyeonekana mpaka amekwisha kupiga, naye ni kipanga mweusi.

Katika jamaa ya vipanga yeye ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika Afrika. Mgongo wake ni mweusi na kifua kwa kawaida ni cheupe. Jike humzidi dume sana, naye aweza kufikia karibu kilo moja. Mabawa yake ni mafupi na mapana, mkia ni mrefu. Kwa hiyo hupenya kati ya miti kwa kasi. Hujificha majanini, akiona windo huruka ghafula. Chakula chake hasa ni hua na njiwa, nao ndio walao nafaka shambani, jambo ambalo mwenye kuku husahau upesi.

Shambulio hilo la ghafula ndilo linalotakiwa na watu wawindao kwa ndege. Waarabu wa Ghuba hutumia kozi, mwenye mabawa marefu, kwa sababu jangwa ni wazi. Penye miti hufaa zaidi ndege arukaye moja kwa moja kutoka mkononi, na katika Afrika Kusini na Zimbabwe kipanga mweusi amefundishwa kazi hiyo, hata hukamata kwale na njiwa. Mwindaji huvaa glovu nene ya ngozi, humfunga ndege vikamba miguuni, na kumpima uzito kila siku. Kipanga aliyeshiba harudi. Hamfuati bwana wake kwa mapenzi, bali kwa nyama.

Nchini Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumkamata wala kumfuga bila kibali.

Basi, mwenye kuku na amnyime nafasi ya kuvizia. Banda lisijengwe ukingoni mwa miti, na vifaranga wakae chini ya wavu mpaka wakue. Nyama iliyotiwa sumu isitegwe kamwe, kwani huua mbwa wa jirani na mwewe mla panya pia. Tena kipanga hupenda kujenga katika mikaratusi mirefu, na makinda hukaa kiotani wiki tano au sita baada ya kuanguliwa. Mwenye mti akiweza, angoje mpaka waruke ndipo aukate.