Kuunda Baisikeli Nyumbani kwa Kuanza na Fremu

Wasomaji wetu wa Kilosa na Mikumi wajua ya kuwa kati ya miji hiyo, kwa njia ya Ulaya, ni mwendo wa zaidi ya kilometa 70, na ya kuwa Mikumi yapakana na hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1964. Baisikeli ikivunjika huko jioni si jambo la mzaha. Basi mtu anunuaye fremu kuukuu ili aiunde mwenyewe pole pole, kipande kimoja kila apatapo fedha, yampasa ajue kwanza neno hili: vyuma vingine vyote vyabadilika, lakini fremu iliyopinda itavila vyote.

Kabla ya kulipa, chukua uzi. Ufunge nyuma, mahali pa kukazia gurudumu, uupitishe mbele ya bomba la usukani, kisha uurudishe upande wa pili na kuufunga vile vile. Pima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Nafasi hizo zikiwa sawa, fremu imenyoka. Tazama pia chini ya mabomba karibu na usukani. Rangi iliyofanya makunyanzi yaonyesha kwamba baisikeli iligonga kitu. Tena taka hati ya muuzaji yenye namba iliyopigwa katika fremu, usije ukaunda mali ya wizi.

Kazi ya pili ni gololi, na hapo ndipo wengi hufanya haraka. Ekseli ya pedali katika baisikeli za namna ya Kiingereza huchukua gololi 11 za robo inchi kila upande. Gurudumu la nyuma huchukua 9 kila upande. Osha bakuli kwa mafuta ya taa, zikauke, paka grisi nyingi, ndipo uzipange. Grisi itazishika zisianguke. Usichanganye gololi mpya na kuukuu, kwa maana zile mpya ni kubwa kidogo, nazo zitabeba uzito peke yao mpaka zitoboe bakuli. Kaza hata ekseli izunguke laini bila kucheza. Bakuli la kulia hukazwa kwa kugeuzwa kushoto, na pedali ya kushoto kadhalika. Asiyejua hili hutumia nguvu na kuharibu meno yake.

Ukinunua ringi, hesabu matundu kwanza. Mara nyingi gurudumu la nyuma lina spoku 40, na la mbele 32. Kusuka spoku ni kazi ya fundi, wala si aibu kumpelekea.

Mnyororo uache ulegee kiasi cha nusu inchi katikati. Breki zijaribu karibu na nyumbani, bila mzigo. Baada ya siku mbili tatu zikaze tena pini za mikono ya pedali, kwa sababu pini mpya hulegea zikisha kukalia mahali pake, na ikiwa utaendelea kukanyaga hali zimelegea, zitakatika.